Kiti cha Abiria wa Kwanza

Leanne Tranter alianza kumwonea wivu Gethin Pugh kabla hajaanza kumpenda. Wengine hupenda kwanza, wivu ukaja baadaye na mizigo yake. Leanne hakuwahi kufanya jambo kwa mpangilio tangu azaliwe.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Mei, nje kidogo ya jiji la Coventry, kwenye maonyesho ya magari ya kujiundia. Uwanja ulijaa vigari vya viti viwili, vifupi, visivyo na paa, kila kimoja kimeundwa na mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani kutokana na vipande vilivyoletwa ndani ya maboksi. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha na hakuna aliyeijali. Watu walisimama kando ya magari yao, vikombe vya chai mkononi, wakibishana kuhusu bolti.

Leanne alikuwa na miaka thelathini na minane, fundi wa kushona viti vya magari, na alikuja kutafuta wateja. Alivaa koti la mvua la njano na jinzi iliyombana barabara pale alipojaaliwa, na alijaaliwa kwelikweli. Sampuli zake zote za ngozi zilikuwa ndani ya gari lake. Gari lenyewe lilikuwa la umeme, jipya, la kisasa mno hata halikuwa na ufunguo. Lilifunguliwa kwa simu, na simu ilikuwa imezimika. Basi akawa analipiga tairi teke.

"Ukiendelea hivyo litakushtaki," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Hayo ya kisasa yana kamera kila upande."

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli la buluu lililopauka, nywele zimesimama kama aliyeamshwa na kengele, mkate wenye nyama ya nguruwe mkononi na sosi kidevuni.

"Badala ya kunicheka, nisaidie."

"Nikusaidieje, bibie? Mimi langu lina ufunguo. Unaingiza, unazungusha, linawaka. Utaalamu wa mababu."

"Liko wapi hilo la mababu?"

Mwanamume akaonyesha trela. Juu yake palikuwa na fremu ya chuma, magurudumu manne na usukani. Basi.

"Hilo nalo gari?"

"Litakuwa."

"Lini?"

"Ala! Unauliza kama mama mkwe."

Leanne akacheka bila kupenda. Gethin Pugh, ndilo jina alilojitambulisha, akaichukua simu na kuichomeka kwenye betri iliyokuwa hemani kwa klabu yake, kisha akamletea chai nyeusi kama lami. Alikuwa mtu wa Wales, miaka arobaini na mitatu, fundi wa lifti katika maghorofa ya jiji. Alizungumza taratibu, na alimsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi, jambo ambalo Leanne hakulizoea kwa wanaume. Dakika ishirini zikapita kama mbili.

Hapo akatokea mwanamke. Ovaroli jekundu, mikono ya ovaroli imefungwa kiunoni, fulana nyeusi, kitambaa cha hariri kichwani, mwembamba kama ufito, na futi ya kupimia, ile ya mviringo ya kujikunja, imejaa kwenye mfuko wa nyuma wa kulia. Akamwekea Gethin mkono begani.

"Gethin mpenzi, spana yangu ya kumi na tatu umeitia wapi?"

Kabla hajajibiwa akainama, akauma ule mkate mkononi mwa Gethin, mahali pale pale alipouma yeye, akaenda zake akitafuna.

Kitu cha moto kikampanda Leanne kutoka tumboni hadi masikioni. Na alikuwa amemjua mwanamume huyo kwa dakika ishirini tu!

"Yule nani?"

"Tamsin? Katibu wa klabu. Ni kama dada yangu."

"Mimi kaka yangu akiuma mkate wangu namng'oa jino," Leanne akasema.

Simu ikapata chaji. Kule mbali gari lake likajifungua lenyewe na kulia mlio mdogo wa furaha. Gethin akalitazama, akamtazama mwenye gari, akaomba namba.

*

Kufikia Agosti walikuwa wamependana hadi majirani wakachoka. Kila Jumamosi Leanne alishinda gerejini kwa Gethin, nyuma ya nyumba za matofali za Earlsdon, akimshikia taa na kumwibia busu kila aliponyoosha mkono kuomba bisibisi. Siku za kazi walipigiana simu.

"Uko wapi, malkia wangu? Viazi vinapoa."

"Nimechelewa. Gari limenikataza kuendesha."

"Limekukatazaje?"

"Linasema nimechoka. Limenichorea kikombe cha kahawa kwenye kioo."

"Liambie hujachoka, una mwanamume anakungoja na chipsi."

"Nimeliambia. Linasema halijanielewa, nirudie."

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi klabu ilikutana katika baa ya Farasi Mweupe. Mwenyekiti, Mzee Horace Bagnall, alikuwa na miaka sabini na minne na mada moja.

"Gari la siku hizi ni friji lenye magurudumu!" alinguruma siku ya kwanza Leanne alipofika pale. "Ukigusa mstari wa barabarani linalia. Likimwona paka linafunga breki. Kiti kikupashe moto makalio, wanataka uwalipe kila mwezi! Mtu anaendeshwa, halafu anajiita dereva."

"Mzee Horace," Leanne akasema, "langu hata hivyo halijawahi kunilowesha. Lako nilipopanda leo nilitoka na maji ndani ya kiatu."

Baa nzima ikaangua kicheko. Mzee akampiga bega na kumwagizia bia. Tangu siku ile akawa mwenzao, na wote wakampenda. Tamsin naye alimchekea, meno yote nje, kisha akavuta kiti akaketi upande wa pili wa Gethin.

Klabu ile ilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Gari likishapita ukaguzi wa serikali na kupata namba, mwenye gari huchagua Jumapili. Klabu nzima hukusanyika, naye humpakia abiria mmoja, mmoja tu, wakaenda hadi Kenilworth na kurudi. Jina la abiria huyo huandikwa kwa rangi nyeupe chini ya boneti, na halifutwi hata dunia ipinduke. Chini ya boneti la Mzee Horace palikuwa na jina la mke wake wa kwanza. Mke wa pili alikuwa akilipangusa gari lile kwa miaka thelathini, na kila alipofungua boneti alikutana na mwenzake.

Basi kila mtu alijua maana ya kiti kile. Na Leanne, akiwa amesimama kaunta akingoja chipsi zake, aliwasikia wawili wakinong'ona nyuma yake.

"Gethin atampakia nani, huyu mshonaji?"

"Thubutu! Tamsin amekuwa naye miaka sita. Injini ile si waliishusha wote wawili?"

Leanne akamwaga siki juu ya chipsi hadi zikaogelea. Lisemwalo lipo, akajisemea, na kama halipo laja. Usiku ule hakumwuliza Gethin kitu, wala mwezi uliofuata. Alitaka kiti kile kwa roho yake yote, lakini alitaka apewe, si aombe.

*

Mwezi wa Machi gari likapita ukaguzi. Lilikuwa la kijani kibichi, lenye pua ndefu, na Gethin alilia alipoiona namba yake, ingawa alisingizia vumbi. Jumapili ikapangwa, wiki mbili mbele.

Jumatatu baada ya hapo akaja kwenye karakana ya Leanne, ghorofa ya pili ya jengo la zamani la mafundi saa, amebeba kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi.

"Nishonee hiki ngozi, mpenzi. Ya rangi ya chai. Na usiniulize maswali."

"Ni nini?"

"Tayari umeuliza." Akambusu kwenye pua na kukimbilia kazini.

Leanne akaondoa blanketi. Kilikuwa kiti cha abiria, povu tupu la manjano, bado halijavishwa. Waunda magari wa klabu ile hawakununua viti, walivifinyanga. Mtu aliketi ndani ya gari juu ya mfuko mkubwa wa taka, dawa mbili zikachanganywa na kumiminwa mfukoni, zikaumuka kama unga wa maandazi na kumzunguka mgongo na mapaja. Akitulia robo saa, povu liliganda na kubaki na umbo lake yeye, lisilomfaa mwingine.

Leanne alikuwa ameshona viti miaka kumi na saba. Mtu akimpa kiti kilichokaliwa, alimwambia mwenye kiti uzito wake na mguu upi unamsumbua. Akapitisha kiganja kwenye povu lile. Nyonga nyembamba. Mapaja marefu. Na pale chini, upande wa kulia, shimo dogo la mviringo, safi kama muhuri.

Futi ya kupimia. Mfuko wa nyuma wa kulia.

Kwa hiyo ameketishwa. Kwa hiyo watu wa kaunta walijua. Na mimi, mimi nimeletewa nimshonee mke mwenzangu kiti cha harusi! Akachukua simu.

"Malkia wangu! Umekiona?" Nyuma ya sauti ya Gethin kamba za lifti zilikuwa zinakwaruza.

"Nimekiona. Cha nani?"

"Cha abiria."

"Abiria yupi?"

"Utajua Jumapili."

"Povu likiwa bichi alikaa nani, Gethin?"

Lifti ikagonga mahali fulani.

"Nilikaa mwenyewe," akasema.

Leanne akafumba macho. Mwili wa mwanamume yule aliujua. Hakuwa na makalio, alikuwa na mgongo ulioteremka moja kwa moja hadi visiginoni. Kama angekiri, angeweza kuuliza zaidi. Lakini alikuwa amedanganya, tena upesi, bila hata kumeza mate.

"Gethin Pugh, mimi nasoma makalio ya watu kama daktari anavyosoma picha za mifupa. Usinifanye mjinga."

"Leanne, subiri, nisiki—"

Akakata. Akachukua chaki yake ya kushonea, akalizungushia lile shimo duara mara tatu, na kando yake akaandika kwa herufi kubwa: TAMSIN.

*

Gethin alifika kesho yake asubuhi, hajanyoa, kofia mkononi. Leanne alikuwa kwenye cherehani na hakuinua uso.

"Sawa. Alikaa Tamsin," Gethin akasema. "Nilidanganya kwa sababu ilikuwa siri. Kiti ni chako."

"Changu?"

"Chako, Leanne. Nani mwingine? Nilitaka ufike Jumapili, ukae mbele ya watu wote, kikushike sawasawa, ushangae. Ningekuketisha wewe mwenyewe ungejua. Ndipo nikamwomba Tamsin akae badala yako. Si mnalingana?"

Cherehani ikanyamaza.

"Rudia."

"Yaani... urefu wenu si mmoja? Nilimwuliza hata yeye. Akasema mnalingana kabisa."

Leanne akasimama. Akajizungushia utepe wa kupimia nyongani, akamsogezea mwisho wake puani.

"Soma."

"Mia na kumi na mbili."

"Yule ana themanini na nane, tena pamoja na futi yake mfukoni! Sentimita ishirini na nne, Gethin! Wewe ulirudisha bolti dukani kwa kuwa imezidi nusu milimita. Wewe ulipima mlango wa gari lile mara kumi na moja, mimi nimekushikia taa. Leo unaniambia hukuona sentimita ishirini na nne za mwanamke unayelala naye?"

"Chuma napima," Gethin akasema, amechanganyikiwa kabisa. "Wewe sijawahi kukupima. Nakutazama tu."

Lilikuwa neno zuri, pengine zuri kuliko yote aliyowahi kumwambia, lakini lilikuja wakati masikio ya Leanne yamejaa moto. Kwake yeye, huo ulikuwa uongo wa kijinga, au ukweli wa kijinga zaidi. Hakujua kipi kinauma kuliko kingine.

"Nenda. Na Jumapili mpakie mwenye kiti chake."

"Leanne—"

"Chukua na povu lako!"

Akalibeba akateremka nalo ngazi, jina la Tamsin limeandikwa juu yake.

Siku zile zilikuwa mbaya. Gethin alipiga simu mara kumi na moja Jumatano, mara tisa Alhamisi, na wiki iliyofuata akaendelea. Leanne aliiacha ilie huku akiitazama. Aliandika ujumbe mrefu na kuufuta. Aliandika mfupi, "Ulimshika kiuno alipokuwa anakaa?" na huo akaufuta haraka zaidi, mashavu yakimwaka. Kila alipofumba macho alimwona Tamsin amelala kwenye povu, kitambaa cha hariri kichwani, akicheka kwa meno yote. Alichukia wivu ule. Ulimfanya mdogo, ulimfanya ahesabu mambo yasiyohesabika, nao haukumwacha hata kula.

Siku moja alilia akiwa kwenye barabara ya kuzunguka jiji. Gari likapiga kelele kwamba ayarudishe macho barabarani, kisha kwa sauti ya upole likamwuliza kama angependa muziki wa kutuliza.

"Nyamaza," Leanne akaliambia.

Likasema halijamwelewa, arudie.

*

Jumamosi mchana, kesho yake ikiwa ndiyo Jumapili yenyewe, mlango wa karakana ukafunguliwa. Alikuwa Tamsin. Hakuwa na kitambaa cha hariri wala rangi ya midomo, na koti lake lilikuwa limeloa.

"Una uso wa chuma wewe," Leanne akasema.

"Nitasema mara moja, kwa hiyo usinikatize. Gethin aliniuliza kama mimi na wewe tunalingana. Nikamwambia ndiyo."

"Ukijua si kweli."

"Nina macho, Leanne. Yeye ndiye hana. Kwake mwanamke yeyote anayefika begani pake ni saizi moja."

"Ulitaka nini basi?"

Tamsin akakitazama kiatu chake. "Nilitaka ukae kesho mbele ya klabu nzima, ushindwe kuingia. Watu wacheke. Ndiyo. Najua ni ubaya. Nimempenda miaka sita, hajaona. Halafu unakuja wewe na koti lako la njano, na gari linaloongea, unampata kwa kikombe cha chai."

Leanne akashika mkasi, akauweka tena. Miezi yote ile alidhani wivu umeshuka duniani kwa ajili yake peke yake. Kumbe na mwenzake alikuwa analala nao.

"Basi ulishinda. Ulikaa."

"Nilikaa!" Tamsin akacheka, kicheko kibaya. "Unajua povu lile hupata joto likianza kuganda? Lilinikumbatia robo saa nzima, naye kapiga magoti kanishikia mfuko, na robo saa nzima ananisimulia habari zako wewe. Unavyopenda siki. Unavyomjibu Mzee Horace. Unavyokoroma. Nilikuonea wivu hadi meno yakaniuma."

Mvua ikagonga dirisha.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Jana nilimwambia, kama wewe huji, anipakie mimi, kiti tayari ni changu. Akanijibu kwamba kiti kitakwenda kitupu. Halafu akachukua msumeno akaanza kukikata. Nimechoka, Leanne. Mtu hawezi kumsubiri mwanamume wa namna hiyo."

Leanne akavuta pumzi. "Nikupe chai au kofi?"

"Chochote kilicho karibu."

"Chai imekwisha. Nenda kabla sijafikiri vizuri."

Tamsin akaelekea mlangoni. Alipoushika, Leanne akamwita.

"Tamsin. Nakoroma?"

"Anasema kama injini ya silinda mbili," Tamsin akasema, akatoka.

*

Gereji ilikuwa wazi. Vipande vya povu la manjano vilitapakaa hadi barabarani, na katikati yake Gethin alikuwa amepiga magoti kando ya gari la kijani, akikwangua mabaki kwa kisu. Alipoliona lile koti la njano, kisu kikamponyoka.

"Umekuja."

"Nimekuja kutazama uharibifu." Leanne akakigeuza kipande kwa ncha ya kiatu. Kilikuwa na herufi mbili za chaki. Akakipiga teke mbali. "Tamsin kaniambia."

"Kakwambia nini?"

"Kwamba wewe ni kipofu. Na kwamba hukunidanganya kuhusu kiti. Ulinidanganya kuhusu aliyekaa tu."

"Hilo nalo ni uongo."

"Ni uongo. Ndio ulioniua."

Gethin akasimama, vumbi la povu limejaa nyusi. "Sitafanya siri nyingine. Zawadi yoyote nitakupa mkononi, mchana kweupe, pamoja na risiti."

"Risiti usilete. Gethin, niliona wivu. Bado ninao, usidhani umekwisha. Nilikuwa natamani kiti hiki tangu Agosti, na nilipoona kimekaliwa na mwingine nilitaka kuchoma gereji. Ungeniambia tu, Leanne, njoo ukae."

"Leanne," akasema, "njoo ukae."

Dawa zilikuwa zimebaki makopo mawili. Akatandika mfuko mpya. Leanne akavua koti, akaingia miguu kwanza kama walivyoingia wote kwenye vigari vile, kwa kunung'unika na kujipinda, Gethin akimshika kiwiko. Akachanganya, akamimina, akapiga magoti nje ya mlango na kuishikilia midomo ya mfuko kwa mikono yote miwili.

"Usitikisike sasa. Ukipumua sana utaharibu."

"Nisipumue?"

"Pumua kidogo."

Povu likaanza kupanda nyuma ya mgongo, polepole, kama kitu chenye uhai. Kisha joto likaja, likamzunguka kiuno na mapaja. Tamsin alikuwa amesema kweli. Lilikuwa kumbatio hasa. Na papo hapo, badala ya kufurahi, Leanne akafikiri kwamba mwenzake alilipata joto hili hili, mahali hapa hapa, na mwanamume huyu huyu magotini. Wivu ukambana upya, mkali kama siku ya ule mkate.

"Nina neno," Gethin akasema.

"Sema. Siwezi kukimbia."

"Ndiyo maana nalisema sasa." Akameza mate, na safari hii alimeza sana. "Pete iko nyumbani, ndani ya kopo la nati, nilikuwa nimeipangia Kenilworth kesho. Lakini hiyo nayo ni siri, na nimeapa hakuna siri. Basi. Leanne Tranter, utakubali nikuoe?"

Leanne akamtazama. Alikuwa na povu kwenye nywele, na hakuthubutu kuuachia mfuko hata kujifuta pua.

"Yeye alipokuwa hapa ulimwambia nini?"

"Nani? Tamsin? Habari zako."

"Zipi?"

"Zote nilizonazo." Gethin akafikiri. "Nilianza na lile teke la tairi."

Leanne akageuza uso kutazama ukuta, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa na hakutaka kutikisika.

"Jibu basi, mpenzi."

"Ngoja ligande."

Wakangoja. Mvua ikakoma nje, mtu akapita na mbwa, redio ya jirani ikataja matokeo ya mpira. Mwishowe Gethin akaligonga povu kwa ukucha, likalia kama ubao.

"Tayari. Inuka tuone."

Leanne hakuinuka.

"Yeye alikaa muda gani?"

"Nimesahau... robo saa."

"Basi mimi nitakaa saa nzima," Leanne akasema. "Na wewe usitoke hapo chini. Ndiyo, Gethin. Nitaolewa na wewe. Shika mfuko."

Povu lilikuwa limeshaganda, hapakuwa na cha kushikilia tena. Gethin akaushika mfuko.